Mkono Uliobaki Begani

Pumani, 2 Machi 2009

Mwanangu Elsa,

Mkono unaokuandikia ni ule ule uliokukata nywele zako za kwanza, kwa hiyo usinijibu kwa mistari mitatu kama ulivyofanya Krismasi. Ile simu uliyopiga mama yako Asunta aliisikia, mimi nikaishika sikioni kama kipande cha mkate na kuambulia mvumo tu. Miaka arobaini na tano ya kugonga bati imeyamaliza masikio yangu. Niandikie. Mama Fidelia wa mikate anavuka daraja la mpakani kila Jumamosi na barua anazobeba hazipotei, ingawa hufika zimejaa unga.

Redio imetangaza kwamba Ngoma ya Chumvi sasa ni urithi unaotambuliwa rasmi huko kwenu La Paz, na kwamba kazi yote imefanywa na taasisi yako. Wakataja na jina lako! Asunta aliacha viazi vikaungua. Mwalimu Zenobio alikuja mbio kunieleza kwa mikono kabla sijavaa viatu. Pumani nzima sasa inajua kwamba yule binti wa Qalahuta, ng'ambo ya mto, niliyemshika mimi siku ya ubatizo ameiingiza ngoma yetu kwenye vitabu vya wakubwa. Nilijidai, sikufichi. Nilitembea hadi dukani kununua sigara, na mimi sivuti.

Asunta anasema hakusikia wakiitaja Pumani. Itakuwa ni redio, wale wana haraka ya kuweka muziki.

Vinyago ishirini vya watu wenu viko tayari, bado ishirini. Mwaka huu nimewatia machozi ya bati jekundu, mtapendeza. Nitavivusha Mei kama kawaida, nao wanawake wa Qalahuta waanze kushona kofia zetu, maana mwaka jana mbili zilikuwa za watoto na niliyevaa moja ni mimi. Nyuso zenu tutengeneze sisi, kofia zetu mshone nyinyi, na tarehe 24 Agosti mistari miwili ikutane katikati ya daraja, gunia la chumvi kwa gunia la mahindi, kila mtu amshike mwenzake begani. Mimi sijui namna nyingine ya kuicheza.

Sasa picha ya baba yangu. Uliichukua kwa mwezi mmoja, na sasa ni mwaka. Ukutani pamebaki alama nyeupe ya pembe nne, kila mteja anauliza. Iwe imerudi kabla ya sherehe.

Na yule mchumba mhandisi, bado anapima barabara, au ameshapima ya kuja kwetu kuomba ruhusa?

Nywele zako bado ziko kwenye kopo la patasi, salama.

Baba yako wa ubatizo,
Eusebio


La Paz, 14 Machi 2009

Shikamoo Baba, na Mama Asunta shikamoo,

Nilifunga mlango wa ofisi nikaisoma barua yako mara tatu. Sifa ulizonipa zimenizidi. Kazi ilikuwa ya watu wengi, mimi niliandika tu.

Unaniuliza kila mara tunafanya nini hapa. Nikueleze. Waziri hana muda wa kusoma vitabu. Tunamwandalia kurasa nne, na ndani ya kurasa nne tunaweka kisanduku chenye mapendekezo, naye anakisoma kile kisanduku wakati anapaka siagi mkate, kwenye kifungua kinywa ambacho mkurugenzi wetu, Doctor Arteaga, humwandalia kila mwezi. Kilichomo kwenye kisanduku Jumanne, Ijumaa kinaweza kuwa agizo. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi hakuna anayeandika visanduku vizuri kuliko mimi.

Kuhusu Pumani kutotajwa, nadhani ni redio, kama ulivyosema. Picha iko kwa fundi anayesafisha picha za zamani, ni mtu wa polepole sana. Nitamhimiza.

Mhandisi aliipima barabara, akaifuata, hajarudi. Usimwambie Mama Asunta kwa ghafla.

Natumai hayo machozi mekundu yatawapendeza watu wa nyumbani. Tangu mama afariki, nyumbani kwangu ni kwenu.

Mwanao,
Elsa


Pumani, 10 Mei 2009

Mwanangu,

Wamenichukulia vinyago. Vyote arobaini.

Nilifika darajani Alhamisi na mkokoteni wangu kama miaka yote. Afisa wa forodha wa upande wenu ni yule Wilfredo mnene, anayekula nyama kwangu kila sherehe na kufunga nyingine kwenye leso. Nilimfanya anigeukie uso ili nimsome midomo. Akaanza:

"Don Eusebio, una kibali?"

"Kibali cha nini, we Wilfredo?"

"Cha kuingiza urithi wa taifa."

"Urithi gani? Nimevitengeneza mwenyewe, vingine hata rangi haijakauka. Shika uone."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Imeandikwa hapa, kinyago cha Ngoma ya Chumvi kilichotengenezwa nje ya nchi ni cha kughushi. Kinazuiwa."

"Cha kughushi! Babu yako kazikwa na kimoja, na nilikitengeneza mimi!"

"Usinipigie kelele, mzee wangu, si mimi niliyeandika."

"Sipigi kelele, mimi kiziwi!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, hadi nilipoona kweli anavibeba. Viko ghalani kwake, vimerundikwa kifudifudi kama sufuria. Alikuwa anaona haya, hilo nalikubali. Alinionyesha hiyo karatasi. Inaitwa pendekezo la saba.

Halafu wa upande wetu, ili wasionekane wajinga kuliko wa kwenu, wiki hii wamezuia kofia. Huko mji mkuu wetu, Lima, nako kuna taasisi, imetoa kitabu kusema ngoma ni ya kwetu peke yetu, eti mahindi yalitangulia. Mwalimu Zenobio amekuja na bendera. Nimemwambia aende akaitumie kufunikia kuku.

Sasa nisikilize. Wewe uko ndani ya mambo hayo na unajuana na watu. Nitafutie huyo mjinga aliyeandika pendekezo la saba. Sitaki kumpiga, mikono yangu naihitaji. Nataka aje Agosti aione ngoma kwa macho yake. Maana aliyewahi kusimama pale darajani hata mara moja asingeandika vile, kwa hiyo ni mtu ambaye hajawahi kufika huku. Mlete, tumpe supu, akirudi atafuta alichoandika.

Nakutegemea wewe tu. Bila vile vinyago hakuna sherehe, na nina miaka sitini na minane, sijui nimebakiza sherehe ngapi.

Baba yako,
Eusebio


La Paz, 23 Mei 2009

Shikamoo Baba,

Pole sana, wewe na Mama. Sijui niseme nini.

Nimeulizia. Mambo haya huandikwa na kamati, si rahisi kumjua mtu mmoja. Karatasi hupita meza nyingi. Nakuomba uwe na subira, na nakusihi usiende redioni wala usimruhusu Mwalimu Zenobio aende, maana ikishakuwa vita vya magazeti wakubwa hawatarudi nyuma. Huku kwetu tunaita hilo kulinda heshima ya taifa.

Namtumia Mama Asunta dawa ya kifua, anywe asubuhi na jioni. Fundi wa picha anaumwa.

Elsa


Pumani, 6 Julai 2009

Bi Elsa Huarachi,

Mwalimu Zenobio alikwenda maktaba ya Puno, akarudi na kitabu chenu chenye jalada la kung'aa. Ukurasa wa kumi na tisa kuna picha. Mwanzoni sikuitambua. Watu wa chumvi wamesimama mstari, babu yako mwishoni, kinyago kimepandishwa kichwani, nyuma yao mto.

Kisha nikaona mkono. Begani kwa babu yako kuna mkono, na mkono hauna mwenyewe. Picha inaishia pale. Kidole cha shahada kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Ni mkasi wa bati uliomkata baba akiwa na miaka kumi na sita. Mkono ule ndio ulioshika wangu kunifundisha kazi. Chini mmeandika: Wachezaji wa Qalahuta, 1931.

Ukurasa wa mwisho yapo mapendekezo, na chini yake imeandikwa nani aliyeyaandaa. Hakuna kamati. Kuna jina moja.

Nilikuomba unitafutie mtu. Ungeniambia kwamba umeshampata.

Asunta anakunywa dawa yako na anakuombea. Hajui bado.

Eusebio Laqui


La Paz, 13 Julai 2009

Baba,

Naona aibu kuliandika neno hilo hapo juu, lakini sina jina lingine la kukuita.

Ni mimi. Sikutumwa, sikulazimishwa. Nakuandikia yote, usije ukanitafutia kisingizio kwa sababu ya mapenzi yako.

Fomu ya kuandikisha urithi ina kisanduku kimoja cha nchi. Kimoja tu, upana wa kidole. Nilimpelekea Doctor Arteaga nikamwambia ngoma hii ina nchi mbili. Akaniambia, "Elsa, ukiandika mbili faili linakwenda kwa mabalozi, na mabalozi watalikalia miaka kumi. Weka moja. Lima nao wanaandaa la kwao, unataka watutangulie? Mengine tutarekebisha baadaye." Nikaweka moja. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchagua kahawa.

Baada ya hapo kila kitu kilibidi kifanane na kile kisanduku. Kwenye maelezo niliondoa jina la Pumani mara kumi na moja. Nilihesabu, kompyuta inakuhesabia. Ikabaki picha. Nilivuta mstari kwenye kioo cha kompyuta hadi katikati ya daraja, upande wenu ukafutika. Mkono niliuona, Baba. Nataka ulijue hilo. Nilijua ni wa nani, nimekua nikiusikia ukisimuliwa. Nikajaribu kuusogeza mstari zaidi, lakini ningemkata babu bega. Nikasema acha ubaki, hakuna atakayeuangalia.

Pendekezo la saba nalo. Tulikuwa na sita. Doctor akasema waziri anapenda saba. Nilikuwa na saa moja, nikaliandika huku nakula saltenya, lile andazi la nyama, mchuzi ukinidondokea kwenye karatasi. Kuzuia vinyago vya nje kulionekana ni jambo la maana, la kizalendo, la kujaza nafasi. Wewe hukunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nimelala nyumbani kwako utoto wangu wote, nimezoea kuamshwa na nyundo yako, na nilipoandika "mafundi wa nje" sikuona sura yoyote. Hilo ndilo linalonitesa zaidi. Kama ningekuwa na chuki na wewe, angalau ningekuwa nimekukumbuka.

Na bado sijamaliza. Aprili nilikutana Bogotá na Úrsula, anayefanya kazi kama yangu katika taasisi ya Lima. Tunajuana miaka mingi. Akanicheka, "Mmetupiga bao, subirini kitabu chetu." Tukacheka sote, tukanunuliana kahawa. Ni mchezo tunaoucheza, Baba, na baada ya mchezo tunapiga picha ya pamoja.

Hakuna fundi wa picha. Hakuumwa mtu. Picha ya baba yako iko kwenye droo yangu, nimeilaza kifudifudi kwa sababu inaniangalia.

Tarehe 5 Agosti wizara za nchi zote mbili zitakaa kikao na sisi wa taasisi tutakuwepo. Nitaiweka picha nzima mbele yao. Hilo halinisafishi, najua.

Ukitaka kuzitoa nywele zangu kwenye kopo lako na kunirudishia, nitazipokea. Nitaelewa maana yake.

Elsa


La Paz, 8 Agosti 2009

Baba,

Hujanijibu. Mama Fidelia anasema barua aliiweka mikononi mwako, ukaifungua palepale, ukaisoma umesimama, ukanunua mkate ukausahau mezani kwake.

Nakuandikia kuhusu kikao kwa sababu niliahidi. Ilipofika zamu yangu niliionyesha picha yote ukutani, kubwa, pande zote mbili. Mstari wenu, mstari wetu, magunia mawili chini, na baba yako anacheka, mkono wake begani kwa babu. Nikasema kwamba niliikata mimi, na pendekezo la saba niliandika mimi, na vyote viwili ni makosa.

Kisha afisa mmoja wa upande wenu akauliza, "Kwa hiyo mnakubali kwamba mkono ni wetu?"

Wa upande wetu akamjibu, "Mkono sawa. Lakini bega ni letu."

Wakabishana saa nzima, Baba. Walibishana juu ya mkono na bega la watu waliokuwa wameshikana. Úrsula alikuwa anaangalia meza. Doctor Arteaga akasimama na tabasamu lake, "Bi Huarachi amechoka, tunywe chai." Baada ya chai suala likaahirishwa hadi Oktoba, na mimi kesho yake nikahamishiwa maktaba, kupanga magazeti ya zamani.

Vinyago havitarudi kabla ya sherehe. Nimempigia Wilfredo mwenyewe. Amesema anasubiri agizo, na maagizo, kaniambia, si mnatoa nyie.

Nilidhani nikisema ukweli hadharani aibu itapungua. Haikupungua. Sasa ina mashahidi.

Tarehe 24 sitakuja. Sina uso wa kuwatazama.

Elsa


Pumani, 27 Agosti 2009

Elsa,

Ulisema hutakuja, ukaja.

Tulicheza hivyo hivyo. Watu wenu upande ule, sisi huku, katikati Wilfredo na kamba aliyoamriwa kuishika, tusikutane. Nyuso wazi, vichwa vitupu. Ikafika hatua ya tatu, ile ya kumshika mwenzako begani, na hakuna aliyeiacha, miguu imezoea. Kila mtu akanyoosha mkono akashika hewa. Wazee kwa watoto, upande huu na upande ule, mikono juu, hakuna bega. Watu wazima wakalia, na kwa kuwa hapakuwa na vinyago kila mtu aliona nani analia. Wilfredo naye alilia, na kamba hakuiachia.

Ndipo nilipokuona, nyuma ya mwanamke wa maandazi, kofia umeishusha hadi puani. Nimekujua kwa mabega yako, ni ya babu yako. Ukaona nimekuona, ukainama, ukaondoka kabla ya supu. Ilikuwepo supu ya kutosha pande zote mbili mwaka huu, maana wengi hawakula.

Asunta nimemwambia. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kesho yake akaniuliza kama ulikuwa umekonda. Nikamwambia kutoka mbali sikuweza kujua.

Barua yako ndefu nimeisoma mara nyingi. Nina hasira bado, nisikudanganye. Nikigonga bati, nagonga vibaya, nimeharibu mawili. Lile la kisanduku ninaweza kulielewa, watu wakubwa wana fomu zao. Lile la mkono siliwezi, kwamba uliuona ukasema hakuna atakayeuangalia. Mimi huyu ningeangalia nini kingine?

Nywele zako nimezitoa kwenye kopo la patasi. Sijazitupa. Ziko kwenye benchi la kazi, naziona kila siku, sijajua pa kuziweka.

Hayo ya Oktoba siyajali. Watabishana hadi wafe, na watakaokuja watarithi ubishi. Mimi nataka picha, na usimpe Fidelia. Ilete mwenyewe. Njoo Jumamosi, siku ya gulio, mchana, watu wakiwa wengi pande zote. Ibebe wazi, usiifunge kwenye karatasi. Ukifika darajani Wilfredo atakuuliza umebeba nini, kimetengenezwa wapi, na kibali kiko wapi. Ni lazima akuulize, uliandika wewe. Umjibu kwa sauti ya kusikika Qalahuta na Pumani, ni nani amesimama upande gani na mkono ni wa nani.

Mimi nitakuwa huku mwisho wa daraja. Sitasikia kitu, lakini midomo yako nitaiona.

Eusebio, aliyekukata nywele